Dumu la Gari

Tumbe, 12 Februari 2024

Kaka Msellem,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, ikiwa kukaa ndani mchana kutwa ndiko kutojambo.

Usishangae kupata barua. Simu yangu anayo mkwe wangu, Bi Kazija. Kaifunga kwenye kitambaa na kaitia kabatini tangu siku ya tatu ya msiba. Anasema, "Sauti ya mwenye eda haizururi." Nikamwambia kaka ni maharimu yangu, naruhusiwa kusema naye nitakavyo. Akajibu, "Basi aje." Na ukija unajua mwenyewe, hukaa katikati yetu na tasbihi yake mpaka uage. Kwa hiyo naandika, na atakayekuletea ni Usama, dereva wa gari ya abiria ya Konde.

Jambo lenyewe ni pikapu ya marehemu mume wangu. Mirathi imegawiwa, na hakuna aliyeitaka kwa sababu injini imekufa. Nikasema nitaichukua mimi ndani ya fungu langu. Walicheka, mjane na gari bovu! Waache wacheke. Nikitoka eda nataka ipakie samaki hapa dikoni na kuwapeleka Chake kama alivyokuwa akifanya Nassor, nami nikae mbele, pembeni ya dereva. Kesho itavutwa mpaka gereji kwako Madungu. Itengeneze kwa ile pesa ya upatu wangu uliyoniwekea, na usivuke hapo, maana nyingine sina.

Lakini kwanza ifungue uniambie kilichoiua. Unajua kwa nini nauliza. Siku Nassor aliposhikwa na kifua, mdogo wake Haidar ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa gari hiyo hiyo. Kabla ya kufika Wete ikachemka, ikazima. Mpaka Haidar anapata gari nyingine, Nassor ameshakata roho kando ya barabara. Na wiki nzima kabla ya hapo Haidar alikuwa kaiazima kubebea karafuu, gunia juu ya gunia. Alimrudishia kaka yake gari ya kufa. Mimi gari ile nimeitunza. Kila alfajiri nilijaza dumu la maji kwa mkono wangu na kuliweka tayari karibu na boneti, maana rejeta ilikuwa na kiu kama mtu wa homa. Haidar hakuwahi kuitilia hata kikombe.

Siku ya kutoka eda itasomwa dua hapa, ukoo mzima utakuwepo. Nitasimama niseme mbele yao nani alimuua Nassor. Nataka niseme nikiwa na neno la fundi mkononi.

Ndugu yako,
Mwatima

---

Madungu, 17 Februari 2024

Mdogo wangu Mwatima,

Waaleikum salaam. Usama kaifikisha barua yako ikinuka papa, lakini imesomeka. Pole na eda, na pole na mkwe.

Gari imefika na nimeshaifungua. Bloku ni nzima, haina ufa. Krenki inafaa. Pistoni nimezitazama, zitarudi. Ringi, metali na gasketi ni lazima ziwe mpya, hapo hapana ubahili. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ndiyo haifai tena. Nimesikia kuna mtu Unguja anazo hedi za mtumba, nitakwenda kuziona kwa macho kabla ya kutoa shilingi. Watakuja watu watakaokwambia agiza injini nzima kutoka Dar, ndiyo rahisi. Usiwasikilize. Injini nzima ya mtumba ni nyama ya kopo, hujui ndani walitia nini. Hii tunaijua.

Umeuliza kilichoiua. Ni uzee, Mwatima. Chuma nacho huchoka. Usimtafutie mtu.

Na jambo moja nataka ulisikie kwangu kabla wauza samaki hawajakuletea. Haidar kaja juzi na kuomba aoshe vyuma. Sikuweza kumkatalia.

Kaka yako,
Msellem

---

Tumbe, 19 Februari 2024

Kaka,

Uzee! Bi Kazija ana umri mara mbili ya gari ile na bado hajazima.

Unanijibu kama mtu anayegombea ubunge. Nimekuuliza gari ilikufa kwa nini, wewe unanipa mawaidha. Na huyo Haidar anaosha nini? Anaosha alama zake. Mtoe gereji kwako leo hii, kabla hajatupa kitu.

Marehemu alikuwa na sheria yake, kila fundi aliijua: kipuri kikibadilishwa, kile cha zamani kinarudi nyumbani. "Fundi asiyerudisha cha zamani hajatia kipya," alikuwa akisema. Basi nami nataka vyangu. Vitie vyote gunia moja umpe Usama. Kama wewe husemi, vyuma vitasema.

Mwatima

---

Tumbe, 26 Februari 2024

Kaka,

Wiki nzima sijapata jibu. Usama kasimama hapa nje jana akisubiri nimpe barua, nami nilikuwa nasubiri anipe yeye.

Siwezi kukaa. Nikikaa miguu inanipeleka yenyewe, kutoka chumbani mpaka jikoni, jikoni mpaka mlango wa uani, hapo inakata kona kwa sababu mwisho wangu ni hapo. Kila gari inayopita nje nasimama kuisikiliza. Najua ya nani ina nozeli mbovu, ya nani ina mkanda unaolia. Bi Kazija kaniambia, "Kaa kitako, weye, eda si gwaride." Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikatwanga mchele ambao ulikuwa umeshatwangwa.

Leta gunia.

Mwatima

---

Madungu, 3 Machi 2024

Mwatima,

Niwie radhi. Nilikuwa Unguja kwa ajili ya hiyo hedi. Ya kwanza ilikuwa inang'aa kama sahani ya harusi, na muuzaji anaapa kwa kila kiapo. Nikaomba mafuta ya taa, nikaigeuza, nikayamimina ndani ya matundu, tukakaa tunaangalia. Punde yakaanza kutoka jasho upande wa pili. Ina ufa mwembamba kama unywele. Muuzaji akakumbuka ana shughuli. Nimerudi mikono mitupu lakini pesa yako ipo. Kuna nyingine wameniahidi.

Gunia hilo nakuletea: ringi, metali, gasketi na vikorokoro. Ringi zimelika, utaona mwenyewe. Hedi ya zamani nimempa mnunuzi wa chuma chakavu, ilikuwa nzito mno kumbebesha Usama.

Haidar bado anakuja. Hanywi hata chai yangu. Anaosha, anafuta, anapanga, anaondoka.

Kaka yako,
Msellem

---

Tumbe, 8 Machi 2024

Kaka,

Nimevipanga vyuma vyako mkekani. Bi Kazija kaingia, kavitazama, kauliza kama naanzisha duka. Nikamwambia ninasoma. Akaondoka akitikisa kichwa.

Gasketi imelika katikati, hapa karibu na matundu ya maji. Ndiyo alama ya kuchemka, au siyo? Gari huchemka ikibebeshwa mzigo usio wake. Mzigo wa nani? Mimi siyo fundi lakini nimelala na fundi wa gari hiyo miaka kumi na minne. Nassor alikuwa akila wali huku ananieleza gasketi.

Na hedi, kaka! Kitu kimoja nilichokitaka zaidi, hicho ndicho unakiuza chuma chakavu? Nitasema usahaulifu. Sitasema zaidi kwa kuwa Ramadhani iko mlangoni na nisingependa kuingia nayo mdomo mchafu.

Maneno yangu ya siku ya dua nimeshayatunga. Yanaanza hivi: "Jamaa zangu, mtu anaweza kuua bila ya kisu." Nayasema moyoni nikikuna nazi, na kila siku yanazidi kuwa matamu. Haya nimekwambia wewe tu.

Ramadhan karim.

Mwatima

---

Madungu, 25 Machi 2024

Mwatima,

Saumu inatupeleka vizuri, alhamdulillahi. Hedi imepatikana, ya gari iliyogongwa ubavuni lakini injini yake ilikuwa salama. Nimeijaribu kwa mafuta ya taa mchana kutwa, kavu. Imesagwa uso, imekuja kwa boti. Valvu tunazisaga kwa mkono, na kazi hii kwa saumu inataka subira, unasugua na kusugua mpaka mkono unasahau ni wa nani. Haidar kanisaidia nusu yake. Tumebaki ndani ya pesa yako, na ya kununulia oili ipo.

Sasa nisikilize kama kaka yako, usinisikilize kama fundi. Yale maneno ya siku ya dua usiyaseme. Tafadhali. Nakuomba kwa mwezi huu. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo, lakini usiyaseme. Kijana yule unamwona kwa mbali, mimi namwona kila siku.

Msellem

---

Tumbe, 14 Aprili 2024

Kaka,

Idi imepita. Niliisikia tu, watoto nje na mabaluni yao. Mvua ya masika imeingia, mapipa yote yamejaa na yanamwaga.

Nina swali moja. Rejeta ya gari hutiwa maji gani?

Mwatima

---

Madungu, 21 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Furahi! Jana imewaka. Tulipiga starta mara ya kwanza ikakohoa, ya pili ikakohoa, nikatoa hewa kwenye pampu, ya tatu ikashika. Mlio wake laini, moshi hauna. Majirani wa Madungu walitoka kuangalia. Haidar akaenda kusimama nyuma ya gereji, sikumfuata.

Nitaiendesha polepole kwanza mpaka ringi zikae, ndipo nikuletee, na hedi nitaikaza upya ikishatembea kidogo. Kazi ya bei nafuu haitaki haraka juu yake.

Kuhusu maji, ni maji yoyote yaliyo safi, wala usijisumbue na hilo. Hayo ni ya dereva.

Msellem

---

Tumbe, 23 Aprili 2024

Kaka,

Ahsante kwa jibu.

Mwatima

---

Madungu, 20 Mei 2024

Mwatima,

Tangu ile barua yako ya mstari mmoja sina raha. Nimeandika nne nikazichana. Hii nitampa Usama kabla sijaisoma tena, la sivyo nayo nitaichana.

Nilikudanganya. Hedi ya zamani sikuiuza, iko hapa chini ya meza, nimeifunika gunia. Haikufa kwa uzee wala kwa karafuu. Njia zake za maji zimeliwa na chumvi, nyengine zimezibwa kabisa na nyengine zimetoboka. Gasketi imekwenda kwa sababu hiyo. Rejeta pia. Hiyo ni kazi ya maji ya kisima chenu, ambacho kiko karibu na pwani, na si ya wiki moja, ni ya miaka. Mzigo wa Haidar ulikuja juu ya kitu kilichokwisha kufa. Hata bila ya karafuu ingezima, kama si siku ile basi nyengine.

Haidar aliona kabla yangu. Siku ile barabarani alifungua boneti akaona ukoko mweupe kila mahali. Alipokuja gereji mara ya kwanza hakuja kuosha, alikuja kuniomba nisikwambie. Nilimwambia, "Atakuchukia maisha." Akanijibu, "Mwache anlaumu mie. Mie naweza kumpisha njiani. Yeye mwenyewe atajipisha wapi?" Nikamkubalia. Nilidhani nakuhurumia. Kumbe nilikuwa nakuacha umkate kijana wa watu kichwa mbele ya ukoo wake, na kisu nakushikia mimi.

Haidar alimuuliza daktari kama kaka yake angefika mapema ingekuwaje. Daktari alimwambia moyo ule hata angefika asingepona. Sijui kama alisema kweli au alimwonea huruma. Nakuandikia kama nilivyoambiwa.

Hukujua. Hakuna aliyekwambia, hata Nassor. Nikasirikie mimi.

Kaka yako,
Msellem

---

Tumbe, 2 Juni 2024

Kaka Msellem,

Nimetoka eda, na simu nimerudishiwa, imo kwenye chaji hapa pembeni yangu. Lakini haya nataka uyasome mpaka mwisho. Kwenye simu ungenikatiza.

Barua yako ilinikuta najua. Ndani ya gunia lako mlikuwa na kipande cha mpira wa rejeta, nadhani ulikitia pamoja na vikorokoro bila ya kukitazama. Nilikipita siku zote nikishughulika na ringi. Mwisho wa Ramadhani, siku moja nikipika uji, nikakigeuza. Ndani kina ukoko mweupe. Nikautazama, nikatazama lile birika langu bovu la kuchemshia maji ya kufulia, lenye ukoko ule ule. Nilikuwa nimefunga, lakini nilikiweka ulimini. Chumvi.

Unajua nyumba yetu. Mfereji hutoka siku unapotaka wenyewe. Nikipata ndoo mbili za maji matamu nilikuwa nazificha chini ya kitanda kwa ajili ya chai ya Nassor, kwa sababu alikuwa hawezi kunywa chai ya maji ya kisima, alikuwa akisema inamkata tumbo. Maji matamu yake yeye, ya kisima ya gari. Miaka yote ile. Nilijiona mke mwema, kaka. Alfajiri baridi, dumu kichwani, najisifu.

Ndiyo maana nikakuuliza ni maji gani. Nilitaka uniambie. Nilikaa na swali lile wiki nzima nikijipa moyo, kaka yangu hatanificha, na wewe ukaniletea "maji yoyote yaliyo safi". Siku ile nilikuchukia kuliko nilivyomchukia Haidar. Sikutaka kukuandikia tena. Nilikuwa nazunguka chumbani mpaka Bi Kazija akaacha kuniambia nikae, akawa ananitazama tu. Ulipoandika ya mwisho nililia, na sehemu ya kilio kile ilikuwa ni shukrani. Nyengine bado ni hasira. Hedi yangu niletee, usiifunike tena.

Sasa nikupe habari ya dua, kwa kuwa ulinikabidhi pikapu na ufunguo wake, ukatoka mapema kurudisha gari ya watu iliyofuatana nayo.

Walikuwa wengi. Wanaume barazani, sisi ndani, mlango wa kati wazi. Dua ikaisha, halua ikapita, kahawa ikapita. Nikasimama mlangoni. Yale maneno yangu matamu ya "bila ya kisu" yote yalinitoka, nikabaki nimeshika fremu ya mlango. Nikasema, "Shemeji Haidar, nimekusema vibaya kwa kila aliyeingia chumba hiki kunipa pole, na leo nilitaka kukusema kwa hawa. Aliyeiua gari ni mimi. Nilikuwa naitia maji ya kisima. Naomba radhi yako."

Haidar akainuka, uso umemvimba, na badala ya kunipa radhi akaanza kubisha! "Si kweli, shemeji. Gari n'lokuwa nayo mie wiki nzima, n'kipakia magunia hata siyahesabu. Mie ndo n'lomwambia Nassor haina neno." Nikamwambia fundi kasema. Akasema fundi ni kaka yangu. Tukabishana, mimi na yeye, mbele ya masheikh na vikombe vya kahawa, kila mtu anavutia lawama kwake. Wazee wakawa wanatazamana. Mmoja alijaribu kusoma aya, hatukumpa nafasi.

Bi Kazija akasimama. Unamjua, hasimami ovyo, magoti yanamuuma. Akashika bega langu ajizuie asianguke.

"Nyamazeni," akasema. "Kisima kile alochimbisha ni mie. Marehemu baba yao alinambia hapo ni pwani mno, maji yatakuja na chumvi. Mie ndo n'lotaka kiwe karibu na jiko. Mkitaka ntu wa kumlaumu, mnianzie mie. Mie ndo n'lomzaa."

Halafu akakaa. Na mimi nikakaa, palepale chini, kwa mara ya kwanza tangu Januari nilikaa na miguu ikakubali kutulia. Haidar alitoka nje. Nilimsikia analia karibu na gari, na safari hii nilikuwa na ruhusa ya kutoka, nikatoka. Sikumwambia kitu. Nilimpa ufunguo.

Leo ni siku ya nne anaiendesha. Tunatoka dikoni na matenga yetu, mimi mbele pembeni yake kama nilivyokwambia, na watu waliocheka wanatupisha. Mlima wa Konde inaupanda bila ya kuguna. Mshale wa joto nimeukodolea macho mpaka Haidar kaniambia nitaupindua. Umefanya kazi nzuri, kaka, na pesa yangu hukuivuka. Njoo uikaze hedi, maana Haidar anasema imeshatembea vya kutosha.

Mvua imeanza kupumzika na mapipa yamekwisha. Jana mfereji ulitoka kidogo tu, ndoo moja na nusu. Bi Kazija aliikinga mwenyewe ile ndoo iliyojaa, akaifunika, na nilipotaka kuichukua niibandike ya chai akanipiga mkono. "Ya gari hiyo," akasema.

Chai tulikunywa ya maji ya kisima, sisi watatu, Haidar naye. Ina chumvi, kaka. Tuliimaliza.

Ndugu yako,
Mwatima